Volkswagen na Mercedes: Wajerumani Wawili wa Mbio za Safari

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara nyingi zilikuwa za udongo: vumbi leo, tope kesho. Huko ndiko magari haya yalikojijengea jina.

Volkswagen Beetle ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Injini yake ya silinda nne iko nyuma, na uzito wake hukandamiza magurudumu yanayosukuma gari, ndiyo maana hushika tope vizuri. Haina rejeta, hupozwa kwa upepo wa feni. Anayepanda nayo kutoka Pasua, mjini Moshi, hadi Marangu kwenye miteremko ya Kilimanjaro hana maji ya kuchemka njiani.

Mercedes 219 ilishinda mwaka 1959 na 1960, mara zote mbili mikononi mwa Bill Fritschy. Ina silinda sita, na kwenye barabara ndefu ina utulivu ambao Beetle haiufikii. Mwaka 1961 John Manussis alishinda na 220SE, ile yenye mapezi nyuma.

Ukitaka kununua Beetle ya zamani leo, inua kwanza kiti cha nyuma. Betri iko chini yake, na tindikali hula bati la sakafu. Kwenye 219 kagua chini ya milango: bodi ndiyo chesisi, hivyo kutu ya hapo hudhoofisha gari zima. Mercedes ni tamu zaidi kuendesha, lakini mkusanyaji wa magari ya zamani anayeanza tunamshauri Beetle. Injini yake imefungwa kwenye giaboksi kwa boliti nne tu, na mafundi wawili huishusha bila winchi.