Programu ya Lisp mara inajengeka, mara inagoma? Mchunguze mkusanya taka

Asubuhi umejenga programu yako ya Lisp, ikakubali. Mchana, bila kugusa hata herufi moja, inagoma. Wengi hurudia tu mpaka ikubali, maisha yanaendelea. Lakini kosa bado lipo, na linaweza kuibuka kwenye kompyuta ya mteja.

Mkusanya taka ni nani?

Ni sehemu ya Lisp inayosafisha data isiyotumika tena kwenye memori. Mbinu hii ilielezwa na John McCarthy, mwanzilishi wa Lisp, mwaka 1960. Leo hata programu za Android kwenye simu yako zinaitumia.

Kwenye SBCL, kompaila ya Common Lisp iliyoanza mwaka 1999, mkusanya taka hasafishi tu. Anaweza pia kuhamisha data ili kupata nafasi.

Chukua mfano wa ghala la mpunga pale Idodi, Iringa. Mwenye ghala akipanga upya magunia, anarekebisha daftari lake. Wewe uliyekariri tu kwamba gunia lako liko kona ya kushoto, utabeba la mwenzako. Ukiwahi kabla hajapanga, unabeba la kwako. Ndiyo maana kosa linakuja na kuondoka.

Kwenye Lisp, anayekariri kona mara nyingi ni kodi ya C iliyopewa anwani ya data.

Fanya hivi

1. Soma ujumbe wa kosa. "Heap exhausted" maana yake nafasi uliyoipa Lisp imejaa. Iongeze, mfano `sbcl --dynamic-space-size 4096`, yaani MB 4096. "Killed" kwenye Linux, mara nyingi RAM ya mashine yenyewe imeisha: funga programu nyingine, jenga vitu vichache kwa wakati mmoja. Ukiona "memory fault", shuku anwani iliyopitwa na wakati.

2. Mpe mkusanya taka kazi zaidi. Kabla ya kujenga, andika `(setf (sb-ext:bytes-consed-between-gcs) 1000000)`, kisha `(sb-ext:gc)`. Sasa atapita kila baada ya takriban MB 1. Kosa likianza kutokea mara nyingi zaidi, umepata pa kuanzia.

3. Rudia kwa hesabu. Kama kosa hutokea mara 1 kati ya 5, bado kuna uwezekano wa asilimia 80 kwamba jaribio moja litapita. Majaribio 10 yakipita mfululizo, uwezekano wa kudanganyika unashuka hadi kama asilimia 11. Yakiwa 20, kama asilimia 1. Kwa hiyo ukitumia `git bisect` kutafuta badiliko lililoleta kosa, usiandike "good" baada ya jaribio moja.

4. Funga data isihamishwe. Pale C inapotumia data ya Lisp, zungushia `sb-sys:with-pinned-objects`. Data itabaki palepale mpaka C imalize.

Tahadhari

Tuseme kosa ni "memory fault", umeongeza memori, na sasa linatokea kwa nadra. Usishangilie. Mkusanya taka anapita mara chache tu kuliko mwanzo. Rudia hatua ya 2: programu ikipita mara 20 huku yeye akifanya kazi muda wote, hapo angalau una sababu ya kuiamini.