"Alijenga Kanisa." Na Matofali Yalijipanga?

Wasee, hii stori inaanzia Thogoto, hapo Kikuyu, ingawa kanisa lenyewe liko Malawi. Kuna mmishonari Mskoti alifariki Kikuyu mwaka wa 1907, David Clement Scott. Kabla aje huku alikuwa Blantyre, na huko aliacha kanisa ambalo ukiliona kwa picha lazima uulize ni nani alichora ramani.

Sasa sikia: Scott alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri tu. Hakuwa amesomea ujenzi. Kazi ilianza 1888, ikaisha 1891.

Mimi niliacha kampasi, kwa hivyo mnajua hapo nilifurahi vile. Nilikuwa karibu kuandika posti ya kuwaambia cheti si kitu. Halafu nikaangalia matofali.

Kanisa la St Michael and All Angels lina matofali ya maumbo 81 tofauti. Hayakuja na meli kutoka Uskoti. Udongo ulichimbwa huko huko, ukafinyangwa, ukachomwa. Na kabla ya kushikanisha chochote, walikuwa wanayapanga makavu kwanza. Ikikaa vibaya, wanatoa, wanapanga tena. Ndivyo yalitokea yale matao, kuba hapo katikati, na minara miwili ya mbele ambayo hata haifanani.

Manze, hiyo si kazi ya mtu mmoja. Waliofinyanga na kupanga ni watu wa pale, na wao pia hawakuwa wamewahi kujenga kitu kama hicho. Scott ndiye alikuwa na wazo, na namheshimu. Hata lugha yao alijifunza hadi akachapisha kamusi ya Kimang'anja mwaka wa 1892. Lakini ukisoma kuhusu hilo kanisa, utaambiwa tu kwamba Scott ndiye alilijenga. Yaani yeye ambaye hakuwa na cheti anaitwa kipaji, na wale wengine ambao hawakuwa nacho wanaitwa vibarua.

Hii inaniuma kwa sababu nikitoka kampasi nilifanya mjengo miezi mitatu, nikipandisha mawe ghorofa ya nne. Siku ya ufunguzi kibao kiliandikwa jina la mheshimiwa aliyekuja kukata utepe. Sisi tulikuwa nje ya geti.

Na si majengo pekee. Scott alipokuja Kikuyu mwaka wa 1901, misheni ilipata shamba la karibu ekari 3,000. Ukisema misheni "ilianzishwa" na mzungu fulani, ni rahisi kusahau kuuliza hiyo ardhi ilikuwa ya nani.

Kwa hivyo naomba kitu kimoja. Kama kwenu kuna kanisa la zamani, soma kile kibao cha ukutani, kisha uende kwa shosho umuulize: mawe yalibebwa na nani? Akikupa jina hata moja, liandike hapa chini. Tuanze kibao chetu.