Mfumo wa Jua Ukitazamwa Kutoka Nairobi

Mfumo wa Jua ni Jua pamoja na vyote vinavyolizunguka: sayari nane, miezi yake, sayari kibete kama Pluto, asteroidi na nyotamkia.

Nairobi ina bahati kubwa. Iko nyuzi 1 na ushee tu kusini mwa ikweta, hivyo sayari hupita juu sana angani. Hata kwenye mwanga wa taa za Westlands, Zuhura na Mshtarii huonekana kwa macho matupu. Neptuni huhitaji darubini.

Vipande vidogo vya mfumo huu navyo hutufikia. Tarehe 16 Julai 2011, mawe kutoka angani yalianguka karibu na Thika.

Na huko angani kwenyewe, asteroidi namba 1278, iliyogunduliwa mwaka 1933 na Cyril Jackson huko Johannesburg, inaitwa Kenya.