Saa za ng'ambo zageuka, Eldoret yalazimika kuhesabu

ELDORET haina desturi ya kugeuza saa. Mji huu u karibu na Ikweta, na mwaka mzima wakati wa mapambazuko hutofautiana kwa takriban nusu saa tu. Hakuna mwangaza wa kuokoa. Ughaibuni, saa husogezwa mbele Machi ili jioni za kiangazi zirefuke, kisha zikarudishwa nyuma msimu wa baridi ukaribiapo.

Hata hivyo, mageuzi hayo hutufikia. Mbio za marathoni za New York, ambazo wanariadha wa Kenya wamezishinda mara nyingi, hufanyika Jumapili ya kwanza ya Novemba. Tangu 2007, ni alfajiri ya siku iyo hiyo ambapo Wamarekani hurudisha saa nyuma. Mkimbiaji hulala tofauti na nyumbani ikiwa saa saba, akaamka imekuwa nane. Saa tatu asubuhi ya huko, iliyokuwa saa kumi alasiri hapa Jumamosi, Jumapili huwa saa kumi na moja jioni. Jamaa asiyehesabu huwahi mno mbele ya runinga. Afadhali huyo, Machi angechelewa.

Mnamo Machi 2019, Bunge la Ulaya lilipiga kura 410 dhidi ya 192 kukomesha desturi hiyo ifikapo 2021. Serikali za mataifa wanachama hazikuafikiana, na saa zikaendelea kugeuzwa. Seneti ya Marekani nayo iliidhinisha saa za kiangazi za kudumu mwaka wa 2022, lakini Bunge la Wawakilishi halikuupitisha mswada huo. Marekani ilikwisha kulijaribu jambo hilo Januari 1974, ikaliacha mwaka uo huo, wazazi wakilalamika kwamba watoto walikwenda shule gizani.