Mume Mmoja, Nyumba Moja

Miongoni mwa istilahi ambazo wataalamu wa Ulaya walijiundia kwa kulitanguliza neno la Kiyunani monos, lenye maana ya peke au moja, hapana zinipendezazo kuliko zile za Carl Linnaeus, tabibu wa Uswidi, ambaye mwaka 1735, mjini Leiden, alipiga chapa kitabu chake Systema Naturae na kuigawa mimea katika matabaka 24, akifuata hasa hesabu na mpango wa viungo vya uzazi katika maua. Ua lenye kiungo kimoja tu cha kiume aliliita monandria, yaani la mume mmoja, na humo ndimo alimoiweka tangawizi na manjano. Mmea wenye maua ya kiume na ya kike mbalimbali, lakini yote katika shina moja, akauita monoecia, yaani wa nyumba moja, kama muhindi, ambao mbelewele zake za kiume ziko kileleni na gunzi likakaa kiunoni. Mpapai ulipata tabaka la nyumba mbili, na tabaka la 23 (sijui kama alitabasamu alipoliandika) akalipa jina la mitala.

Lugha hii ya nikahi iliwachukiza baadhi ya wenziwe. Johann Siegesbeck wa St. Petersburg aliihesabu kuwa ni ufasiki, akaona ni muhali Mwenyezi Mungu kuyajalia maua mambo ya namna hiyo. Naye jina lake hata leo limebaki kwa gugu liitwalo Sigesbeckia, alilolitia jina Linnaeus mwenyewe.

Matabaka hayo yaliachwa baadaye, kwa kuwa hesabu peke yake iliikusanya mimea isiyo na nasaba, lakini monoecia ingali inatumika. Matabibu waliofuata walichukua idadi wakaiacha nyumba: mwaka 1920 Sprunt na Evans, huko Baltimore, waliuita ugonjwa mmoja wa homa na mitoki mononukliosisi, kwa ajili ya chembe nyeupe za damu zenye kiini kimoja zilizozidi mwilini.

Mkulima wa pwani, asiyepata kumsikia Linnaeus, huikata mipapai dume kwa kuwa haimzalii. Lakini aliye mzoefu huubakiza mmoja kati ya majike mengi.