Mvua ya Gikomba na Maji ya Chini ya Nairobi

Maji yaliyo chini ya ardhi ya Nairobi yanazidi kudidimia, na si ajabu, kwani bomba linaloleta maji kutoka mabwawa ya Sasumua na Ndakaini likikauka, kila mwenye jengo hukimbilia kuchimba kisima cha mashine, aghalabu mita 200 na zaidi ndani ya miamba ya volkano. Hata serikali, kwa mkono wa Nairobi Metropolitan Services iliyoundwa mwaka 2020, ilichimba visima katika mitaa ya maskini. Tendo la huruma, walakini liliongeza midomo juu ya mtungi ule ule.

Wataalamu wanaotaka kuyarejesha maji hayo huanza kwa ramani, na ni haki waanze hapo. Kituo cha kikanda cha uchoraji ramani, kilichoundwa mwaka 1975 na ambacho sasa kiko Kasarani, kina ujuzi wa kupandanisha picha za setilaiti, miinuko ya nchi, aina za udongo na nyufa za miamba, hata ikadhihirika mvua inazama wapi na inateleza wapi. Lakini tusiisujudie ramani. Setilaiti za GRACE, zilizorushwa mwaka 2002 kupima uzito wa maji kwa mvuto wa dunia, zilitazama eneo pana mno hata soko zima la mitumba la Gikomba lisionekane. Na Turkana, mwaka 2013, ilitangaziwa, kwa ushahidi wa picha za setilaiti, bahari ya maji chini ya Lotikipi, kisha kisima cha majaribio kikatoa maji ya chumvi.

Ramani ikisomwa kwa insafu, Gikomba si mahali pa kuzamisha maji. Iko bondeni, kandokando ya Mto Nairobi, na sehemu kubwa ya Eastlands ni udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukilowa huvimba na kujiziba. Isitoshe, kupeleka chini yale yanayotiririka katika vichochoro vile, yamechanganyika na maji taka, ni kuitia najisi akiba ya mji mzima. Pa kuzamisha ni magharibi, Kikuyu, Limuru na miteremko ya Ngong, penye udongo mwekundu unaofyonza, ambapo mashamba yanageuka kuwa maghorofa na nyua za saruji.

Je, Gikomba haina sehemu katika jambo hili? Mimi nasema inayo, nayo ni mabati yake. Mvua ya Aprili ikishuka, mwuza mitumba huinua robota lake juu ya mbao lisilowe, maji yakipita miguuni pake kuelekea mtoni, na asubuhi hiyo hiyo hununua mtungi wa lita 20 kwa msukuma mkokoteni. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi paa la mita 100 za mraba, kwa mwaka wa milimita 900, hupokea lita 90,000, na hata robo ikipotea, zinazosalia zaidi ya 67,000 ni lita ambazo pampu haitazivuta. Fauka ya hayo, maji ya visima virefu vya Nairobi mara nyingi yana floridi inayotia meno madoa, na ya mvua huipunguza yakichanganywa nayo, maadamu yale ya kwanza yenye vumbi yamemwagwa na ya kunywa yametibiwa. Watu wa Lamu walijenga birika za mvua zamani sana, pasipo setilaiti.

Nakiri kwamba kibanda cha sokoni, kisicho na hati wala nafasi na kinachoungua mara kwa mara, hakiwezi kubeba tangi. Ianzwe basi penye paa pana na mwenyewe ajulikanaye: shule, misikiti, makanisa na nyumba za kaunti za Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni. Na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo kwa Sheria ya Maji ya 2016 ndiyo itoayo vibali, naisihi isimpe ruhusa ya kuchimba kisima mwenye jengo lolote jijini ambaye paa lake halina michirizi wala tangi.