Jinhae: Sikukuu ya Maua Iliyoanzia kwenye Sanamu ya Amirali

Tarehe 22 Machi 2024, jiji la Changwon lililo kusini mwa Korea Kusini lilifungua sikukuu ya Gunhangje, yaani sikukuu ya bandari ya kijeshi, katika wilaya yake ya Jinhae, na haijawahi kutokea katika historia ya sikukuu hiyo kufunguliwa mapema kiasi hicho. Waandaaji walikuwa wameona jinsi majira ya machipuko yanavyozidi kuwahi katika miaka ya karibuni, lakini mwezi huo ulikuja na baridi na mawingu, na wageni wa siku za mwanzo wakakuta matawi yenye vitumba tu. Huko Sokcho, kaskazini-mashariki mwa nchi, ilibidi sikukuu ya micheri ifanywe mara mbili, na uongozi wa mji ukawaomba radhi watu kwa sababu maua hayakuchanua siku iliyotangazwa. Tangu hapo tarehe za sikukuu zimekuwa hoja kubwa kwa kila anayepanga safari ya kwenda Korea katika majira hayo, na pamoja na hoja hiyo imefufuka nyingine ya zamani na chungu zaidi, inayohusu asili ya miti yenyewe.

Msimu wa sikukuu za maua nchini humo huanza kusini na kupanda kuelekea kaskazini kadiri joto linavyopanda. Mwanzoni na katikati ya Machi huchanua miplamu ya Gwangyang kwenye kingo za mto Seomjin, pamoja na maua ya manjano ya sansuyu, mti mdogo unaozaa tunda la dawa, katika vijiji vya Gurye chini ya milima ya Jirisan. Mwishoni mwa Machi hufika zamu ya micheri ya Jinhae, na siku chache baadaye zamu ya Yeouido mjini Seoul. Sikukuu ya taa za Yeondeunghoe, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2020 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, hufuata hesabu nyingine kabisa, kwa kuwa hufanyika kabla ya siku ya kuzaliwa Buddha, nayo ni siku ya 8 ya mwezi wa 4 kwa mwandamo. Hata hivyo haizunguki mwaka mzima kama Idi, kwa sababu kalenda ya mwezi ya Wakorea huongezewa mwezi wa ziada kila baada ya miaka michache ili isiachane na majira. Kati ya sikukuu zote hizo, ya Jinhae ndiyo mashuhuri kuliko zote kwa micheri, na ndiyo iliyobeba historia nzito kuliko zote.

Mji wa Jinhae haukujengwa na Wakorea wala kwa ajili yao. Ghuba yake imezingirwa na visiwa na maji yake yamejificha yasionekane kwa urahisi kutoka bahari kuu, na kwa sababu hiyo Amirali Togo Heihachiro wa Japani aliweka humo manowari zake katika miezi ya mwanzo ya 1905, akizisubiri manowari za Urusi zilizokuwa zikija kutoka Bahari ya Baltiki. Kundi kubwa la manowari hizo za Urusi lilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, likatia nanga kwa muda wa miezi miwili hivi huko Nosy Be, kaskazini-magharibi mwa Madagaska, kisha likavuka Bahari ya Hindi na kwenda kuangamizwa katika mlango wa bahari wa Tsushima tarehe 27 na 28 Mei. Baada ya ushindi huo Wajapani waliitwaa ardhi ya Jinhae, wakawahamisha wanavijiji waliokuwapo, na kuanzia miaka ya 1910, Korea ikiwa imekwisha kufanywa koloni, wakajenga mji mpya wenye mzunguko mkubwa wa barabara katikati na njia nane zinazotoka humo kwenda pande zote. Kandokando ya njia hizo walipanda micheri, mti uliokuwa kwao alama ya taifa na ya jeshi, na mwaka 1927 wakasimamisha juu ya kilima cha Jehwangsan mnara wa kukumbuka ushindi wao dhidi ya Urusi.

Ukoloni ulipokoma tarehe 15 Agosti 1945, wakazi wa Jinhae walishika shoka. Micheri mingi ilikatwa kwa kuwa ilihesabiwa kuwa masalia ya mkoloni, na hasira hiyo ni rahisi kuielewa katika mji ambao kila mti wa barabarani ulikuwa umepandwa na jeshi lililowanyang'anya watu mashamba yao. Mji ulibaki kuwa wa wanamaji, lakini safari hii wa Kikorea, na chuo cha maofisa wa jeshi la majini kikaanzishwa huko mwaka 1946. Tarehe 13 Aprili 1952, vita vya Korea vikiwa bado vinaendelea, ilizinduliwa kwenye mzunguko wa barabara wa Bukwon sanamu ya Amirali Yi Sun-sin, ya kwanza nchini kumwenzi shujaa huyo, na ibada ya kumbukumbu ikafanywa mbele yake. Yi, aliyezaliwa 1545 na kuuawa vitani 1598, ndiye aliyezivunja mara kwa mara merikebu za Wajapani walioivamia Korea kuanzia 1592, ikiwa ni pamoja na pigano la Angolpo, mahali ambapo leo pamo ndani ya wilaya ya Jinhae. Ibada hiyo ya kila mwaka ndiyo iliyopanuliwa mwaka 1963 na kuitwa Gunhangje. Kwa hiyo sikukuu inayotangazwa duniani kote kwa picha za maua ilizaliwa kumkumbuka mtu aliyewapiga Wajapani, katika mji ambao watu wake walikuwa wameikata micheri kwa sababu ilipandwa na Wajapani.

Kilichoirudisha micheri ni mabishano ya wataalamu wa mimea, nayo yalianzia mbali na Jinhae. Mwezi Aprili 1908, padri Mfaransa Émile Taquet, aliyekuwa mmisionari katika kisiwa cha Jeju, alichuma kwenye miteremko ya mlima Hallasan, wenye urefu wa mita 1,947, tawi la mcheri wa porini ambalo baadaye lilifika Ulaya. Mwaka 1912 mtaalamu Mjerumani Bernhard Koehne akaliandika kuwa aina ya Prunus yedoensis, jina la kisayansi ambalo Mjapani Matsumura Jinzo alikuwa amelitoa mwaka 1901 kwa mcheri maarufu wa bustani za Tokyo. Padri huyo anakumbukwa Jeju kwa jambo jingine pia, maana kwa miche ya micheri aliyompelekea padri mwenzake nchini Japani alirudishiwa miche ya michenza, na machenza sasa ni zao kuu la kisiwa.

Mcheri wa Tokyo, uitwao Somei Yoshino, ulienezwa na wauza miche wa kijiji cha Somei katika karne ya 19, na haukuwa na kwao porini kulikojulikana. Mwaka 1932 Koizumi Gen'ichi wa Chuo Kikuu cha Kyoto alifika Hallasan, akauona mcheri wa Jeju, na kutangaza kuwa hapo ndipo asili ya Somei Yoshino. Tangazo hilo, likitoka kinywani mwa Mjapani wakati wa ukoloni, likawa silaha mikononi mwa Wakorea. Mjini Washington, mwezi Aprili 1943, Syngman Rhee, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Korea Kusini, alipanda kwenye uwanja wa American University micheri iliyotajwa kuwa ya Korea, wakati Wakorea waliokuwa uhamishoni wakidai kuwa miti mashuhuri ya jiji hilo isiitwe ya Kijapani.

Mwezi Aprili 1962 mtaalamu Park Man-kyu alipanda Hallasan pamoja na Bu Jong-hyu, mwalimu wa Jeju ambaye mwaka 1946 alikuwa ameingia na wanafunzi wake katika pango la Manjanggul na kulitambulisha kwa watu. Walithibitisha kuwa mcheri wa porini upo na ni wa asili ya kisiwa hicho, na habari hiyo ikaenea magazetini. Tangu siku hizo kupanda micheri hakukuhesabiwa tena kuwa kumtukuza mkoloni, bali kuurudisha nyumbani mti uliokuwa umechukuliwa, na Jinhae, iliyokuwa imeikata, ikaanza kuipanda upya kwa bidii. Leo wilaya hiyo hutajwa kuwa na micheri ipatayo 360,000. Miche mingi, hata hivyo, haikutoka Jeju. Kulikuwa na miche iliyoletwa kutoka Japani kwenyewe kama zawadi ya Wakorea waliokuwa wakiishi huko, na wakati jina la mcheri wa Jeju lilipokuwa likitumiwa kuhalalisha upanzi, mcheri wa Jeju wenyewe ulibaki mlimani. Huo ni uzembe wa miaka mingi, na unastahili kuitwa hivyo.

Wajapani nao hawakukaa kimya. Takenaka Yo alionyesha, kwa kuchanganya mbegu za aina mbalimbali, kwamba Somei Yoshino ni chotara wa micheri miwili ya Japani, na madai ya asili ya Jeju yakapingwa kwa nguvu. Hukumu iliyo wazi zaidi ilitoka Korea mwaka 2018, pale watafiti wa Bustani ya Taifa ya Miti pamoja na vyuo vikuu vya Myongji na Gachon walipochapisha jenomu ya mcheri wa Jeju, yaani maandiko kamili ya jeni zake. Walieleza kuwa mcheri huo ni chotara wa asili aliyezaliwa porini kwa aina mbili za micheri, na kwamba unashirikiana na Somei Yoshino upande wa mama peke yake, kwani upande wa baba wa mti wa Japani ni mcheri wa Oshima. Si wataalamu wote wa Jeju walioridhika, lakini ni matokeo yanayoheshimu miti yote miwili, kwa kuwa hayaufanyi wa Jeju kuwa mzazi wa mwingine wala wa Japani kuwa mali iliyoibwa.

Seoul ilishughulikia micheri yake kwa namna tofauti. Wajapani walikuwa wamelifanya kasri la kifalme la Changgyeonggung kuwa bustani ya wanyama mwaka 1909, wakalijaza micheri, na kuanzia 1924 umati wa watu ukawa ukiingia usiku kutazama maua chini ya taa za umeme, desturi iliyodumu hata baada ya ukoloni. Ukarabati wa kasri ulipoanza miaka ya 1980, wanyama walihamishiwa Gwacheon na micheri ikang'olewa, mingine ikipelekwa Yeouido, kisiwa cha mto Han lilipo Bunge. Wakazi wa Seoul wanaotembea hapo kila Aprili wanapita chini ya miti iliyotolewa katika ua wa mfalme.

Huko Jinhae miaka ya baadaye haikuwa na mengi. Mji uliunganishwa na Changwon na Masan mwaka 2010, kituo chake cha reli cha Gyeonghwa kikabaki cha kupigia picha, na UVIKO-19 ukaizima sikukuu kuanzia 2020 hadi iliporudi 2023.

Mwaka 2022 lilianzishwa kundi la wanaharakati na wataalamu linaloongozwa na Shin Joon-hwan, ambalo linataka Somei Yoshino za nchi nzima zibadilishwe hatua kwa hatua kwa mcheri wa Jeju ifikapo 2050. Uchunguzi wao wa Yeouido na Jinhae ulionyesha kuwa zaidi ya miti 9 katika kila 10 ni ya aina ya Japani. Lengo lao la kuupa mti wa Jeju nafasi ni la haki, na ni aibu kwamba limechelewa miaka 60. Lakini shoka la 1945 halipaswi kurudi kwa jina la sayansi, kwa sababu miti iliyopandwa na Wakorea tangu miaka ya 1960 imekwisha kuwa sehemu ya maisha yao, na kila unaozeeka unaweza kurithiwa na wa Jeju bila kukatwa kabla ya wakati wake.

Kwa msafiri, asili ya Somei Yoshino ina maana ya moja kwa moja. Miti hiyo huzalishwa kwa kupandikizwa tawi, hivyo yote ni mti mmoja kwa jeni, nayo huchanua pamoja na kupukutika pamoja ndani ya siku 7 hadi 10. Mjini Seoul, ambako kumbukumbu zimewekwa tangu 1922, maua yalifunguka tarehe 24 Machi mwaka 2021, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia. Anayepanga safari afuate utabiri wa kuchanua badala ya tarehe ya ufunguzi, aache siku kadhaa za akiba, na akifika Jinhae aanzie Bukwon, penye sanamu ya Yi Sun-sin. Akipata nafasi avuke hadi Jeju, ambako makazi ya mcheri wa porini ya Sinrye-ri na Bonggae-dong yamelindwa na serikali kama kumbukumbu za asili tangu 1964.